Kongosho Changa na Swali la Mwanzo: Historia ya Chimbuko la Kisukari cha Kujishambulia katika Panya wa Maabara

Kisukari cha aina ya kwanza hugunduliwa kwa tarehe. Mtoto hunywa maji kupita kiasi, hukojoa mara kwa mara, hukonda; damu yake hupimwa, na siku ya kipimo huandikwa katika jalada lake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 siku hiyo ilichukuliwa kuwa mwanzo wa ugonjwa, au jirani wa karibu wa mwanzo huo. Kufikia mwaka 2003 baadhi ya watafiti wa kinga ya mwili walikuwa wameuhamishia mwanzo mahali pengine: katika wiki za awali za maisha, kabla mnyama hajaachishwa kunyonya, wakati kongosho lenyewe lingali linajijenga. Insha hii inafuatilia uhamisho huo. Inadai kwamba uliwezekana kwa sababu ya koo mbili za wanyama zilizopatikana kwa bahati mwaka 1974, kwamba ushahidi wake ulikuwa imara ndani ya mipaka ya wanyama hao, na kwamba mipaka hiyo ilisahaulika kwa urahisi pale wazo lilipovuka kutoka maabara kwenda kwa watoto wachanga.

Jambo moja la istilahi lielezwe mapema. Kiswahili huwaita panya wanyama wawili ambao sayansi ya maabara huwatenganisha kabisa: yule mdogo wa gramu 20 au 30 hivi, na yule mkubwa anayeweza kuzidi gramu 300. Hapa wataitwa panya mdogo na panya mkubwa kila inapohitajika kuwatofautisha. Vivyo hivyo, kisukari cha kujishambulia ni kile kitokanacho na mfumo wa kinga kuziangamiza seli beta za mwili wenyewe, yaani seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Ugonjwa uliotengenezwa kwa mkono

Paul Langerhans alipoeleza vijisiwa vya seli ndani ya kongosho katika tasnifu yake ya Berlin ya mwaka 1869, hakujua vina kazi gani. Miaka 20 baadaye, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Mwaka 1893 Laguesse alivipa vijisiwa hivyo jina la Langerhans. Mbwa walioondolewa kongosho ndio pia waliotumiwa na Frederick Banting na Charles Best huko Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, akadungwa dondoo ya kongosho na baadaye kupata nafuu. Simulizi hii imerudiwa mara nyingi kiasi kwamba haihitaji kurefushwa.

Kinachosisitizwa kwa nadra ni aina ya swali ambalo mbwa wa Strasbourg aliweza kulijibu na lile ambalo hakuliweza. Alionesha ni kiungo gani kikikosekana sukari hupanda. Hakuweza kuonesha ugonjwa huanza lini wala huanzaje, kwa sababu ulianza pale kisu kilipopita. Hali haikubadilika kemikali zilipochukua nafasi ya kisu. Mwaka 1943 Dunn na wenzake, huko Glasgow, waliripoti kwamba aloksani huua seli za vijisiwa vya sungura. Miaka 20 baadaye streptozotosini iligunduliwa kuwa na uwezo unaofanana na huo. Kemikali hizi zilikuwa rahisi kutumia na zilifungua njia ya tafiti nyingi juu ya madhara ya sukari kwa figo, macho na neva. Lakini mtafiti aliyechoma sindano alijua saa ya mwanzo kwa kuwa ni yeye aliyeuweka. Mnyama ambaye ugonjwa wake umetengenezwa na binadamu hawezi kuulizwa ugonjwa huo hutoka wapi.

Dalili za jibu tofauti zilitoka katika chumba cha maiti. Mwaka 1940 von Meyenburg alikuwa ametumia neno insulitisi kwa uvamizi wa limfositi ndani ya vijisiwa, lakini hali hiyo ilidhaniwa kuwa ya nadra. Mwaka 1965 Willy Gepts wa Brussels alichunguza makongosho ya vijana 22 waliofariki muda mfupi baada ya kugunduliwa kuwa na kisukari. Katika 15 kati yao alikuta uvamizi huo. Mwaka 1974 Bottazzo, Florin-Christensen na Doniach waliripoti kuwepo kwa kingamwili dhidi ya seli za vijisiwa katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa kisukari, na mwaka huohuo Nerup na wenzake walihusisha ugonjwa na jeni za HLA, ambazo huongoza jinsi mwili unavyotambua kilicho chake na kisicho chake. Picha ya ugonjwa wa kinga ilikuwa imekamilika kwa kiasi kikubwa, isipokuwa katika jambo la wakati. Slaidi za Gepts zilionesha mwisho wa mchakato, na hakuna aliyekuwa na slaidi ya mwanzo. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na kulikata kipande katika mtoto mwenye afya ili kuona kama kuna limfositi ni jambo ambalo maadili ya utabibu hayaruhusu.

Ottawa na Aburahi

Wanyama waliojaza pengo hilo hawakutafutwa. Katika maabara ya kibiashara ya Bio-Breeding huko Ottawa, Kanada, mwaka 1974, baadhi ya panya wakubwa wa kundi la Wistar walianza kukojoa kupita kawaida, kukonda na kufa. Walikuwa na kisukari ambacho hakuna aliyewapa. Ukoo uliotokana nao uliitwa BB. Mwaka 1979 Like na wenzake, wakiwa Massachusetts, walionesha kwamba seramu inayoharibu limfositi huweza kuzuia kisukari katika panya hao, na hata kukiondoa kwa baadhi ya wale waliokwisha kuugua. Huo ulikuwa ushahidi mzito kwamba kinga ndiyo mtendaji na si mtazamaji aliyefika baada ya tukio. Hata hivyo panya wa BB ana kasoro iliyowasumbua wafasiri wake: damu yake ina upungufu mkubwa wa limfositi T, upungufu ambao mwaka 2002 ulifuatiliwa hadi kwenye jeni moja, Gimap5. Mtoto mwenye kisukari hana upungufu wa namna hiyo.

Panya wa pili alipatikana katika mwaka uleule, upande mwingine wa dunia, na asili yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa wengi wanaomtumia hawaijui. Susumu Makino alifanya kazi katika maabara za kampuni ya dawa ya Shionogi huko Aburahi, mkoa wa Shiga, Japani. Alikuwa na ukoo wa panya wadogo wenye mtoto wa jicho, uliotokana na kundi la ICR. Kutoka katika ukoo huo aliteua matawi mawili: moja la panya ambao sukari yao ya damu wakiwa na njaa ilikuwa juu kidogo, jingine la panya wenye sukari ya kawaida, ili liwe kipimo cha kulinganishia. Aliyetarajiwa kupata kisukari ni yule wa tawi la kwanza. Mwaka 1974, katika kizazi cha 20, aliyeugua alikuwa jike wa tawi la pili. Kutokana na uzao wake ulijengwa ukoo wa NOD, yaani panya asiye mnene mwenye kisukari. Tawi lililoteuliwa kwa sukari ya juu liliishia kuitwa NON, yaani asiye mnene asiye na kisukari. Taarifa ya Makino na wenzake ilichapishwa mwaka 1980.

Kwa mwanahistoria wa sayansi tukio hili lina uzito kuliko kichekesho chake. Panya wote wa NOD duniani, katika maabara za Boston, Paris, Melbourne na kwingineko, ni ndugu wa tumbo moja kwa maana ya kijenetiki: wamezalishwa kaka kwa dada hadi tofauti za jeni kati yao zimekaribia kutoweka. Kinachoitwa "panya mwenye kisukari cha aina ya kwanza" ni mgonjwa mmoja aliyenakiliwa mara mamilioni. Hakuna daktari ambaye angethubutu kuandika kitabu cha ugonjwa akitegemea mgonjwa mmoja, ingawa mgonjwa huyu alikuwa na fadhila ambayo hakuna mtoto angeweza kuitoa. Alikuwa na kalenda.

Kalenda yenyewe ni hii. Katika umri wa wiki nne au tano seli za kinga huonekana kandokando ya vijisiwa vya panya wa NOD. Hukaa hapo kwa wiki kadhaa pasipo sukari kupanda. Kuanzia wiki ya 12 hivi baadhi ya majike huanza kuugua, na kufikia wiki ya 30 majike wapatao 80 kwa kila 100 huwa wagonjwa katika makundi mengi, ilhali madume huwa machache zaidi, mara nyingi karibu 20 kwa kila 100. Viwango hivi hubadilika kulingana na usafi wa vizimba: kadiri panya wanavyolindwa dhidi ya vimelea, ndivyo kisukari kinavyoongezeka. Panya huweza kuchinjwa katika wiki yoyote ile, na kongosho lake likatazamwa. Kwa mara ya kwanza swali la lini lilikuwa na mahali pa kuulizwa.

Jibu lilirudi nyuma hatua kwa hatua. Uhamishaji wa seli za wengu kutoka kwa panya mgonjwa kwenda kwa panya mwenye afya ulithibitisha miaka ya 1980 kwamba ugonjwa hubebwa na limfositi T. Mwaka 1987 maabara ya McDevitt huko Stanford ilionesha kwamba molekuli ya kutambua antijeni katika panya wa NOD ina upekee unaofanana na ule uliopatikana kwa wagonjwa wengi wa binadamu, katika nafasi ya 57 ya mnyororo beta. Ufanano huo ndio uliompa panya huyu hadhi yake. Hata hivyo kasoro ya molekuli ipo tangu mimba hadi kaburini. Haielezi kwa nini seli za kinga zifike kijisiwani wiki ya nne na si ya pili au ya ishirini. Lazima kulikuwa na kitu kilichobadilika ndani ya kongosho.

Wataalamu wa kiinitete

Watu waliolijua kongosho changa hawakuwa wakishughulikia kinga. Walitaka kujua kiungo hujengwaje. Katika kiinitete cha panya mdogo kongosho huchipuka siku ya tisa na nusu hivi ya mimba kutoka ukuta wa utumbo wa mbele, kwa machipukizi mawili, la mgongoni na la tumboni, ambayo baadaye huungana. Mwaka 1962 Golosow na Grobstein walionesha kwamba chipukizi likitenganishwa na tishu ya mesenkima inayolizunguka halikui ipasavyo. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kupata jina la jeni kuu: mwaka 1994 Jonsson na wenzake, huko Umeå, Uswidi, waliripoti kwamba panya waliozimwa jeni ambayo sasa huitwa Pdx1 huzaliwa bila kongosho na hufa muda mfupi baadaye. Mwaka 1997 Stoffers na wenzake walieleza mtoto wa binadamu aliyezaliwa bila kongosho kwa sababu ya hitilafu katika jeni hiyohiyo. Mwaka 2000 Gradwohl na wenzake waliongeza Ngn3, ambayo bila yake seli zote za homoni katika vijisiwa hazitokei.

Tafiti hizi ziliacha taswira ya kiungo kinachokamilishwa tumboni na kukabidhiwa kwa mtoto siku ya kuzaliwa. Taswira hiyo ilivurugwa na kazi isiyovutia macho sana, ya kuhesabu. Finegood, Scaglia na Bonner-Weir (1995) walijaribu kupatanisha hesabu za seli beta katika panya mkubwa anayekua: ngapi zinagawanyika, ngapi zipo, na jumla yake inapaswa kuwa nini. Hesabu haikulingana. Katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa seli zilikuwa zikigawanyika kwa kasi, lakini jumla yake haikuongezeka kwa kiasi kilichotarajiwa. Ama seli zilikuwa zikipotea, ama hesabu ilikosewa. Mwaka 1997 Scaglia na wenzake walizipata: katika umri wa wiki mbili hivi, wimbi la kifo cha seli kilichopangwa hupita katika vijisiwa vya panya mwenye afya kamili. Kongosho la mtoto wa panya hubomoa sehemu ya seli zake na kujenga upya, kama fundi avunjaye ukuta wa muda baada ya nguzo kusimama. Hapakuwa na ugonjwa wowote katika jambo hilo, wala makala ya 1997 haikulichapisha kama habari ya kisukari cha kujishambulia.

Siku ya kumi

Mikondo hii miwili ilikutana kati ya mwaka 1999 na 2003. Kathryn Haskins, huko Denver, alikuwa ametenga kloni ya seli T iitwayo BDC2.5, inayotambua kitu fulani katika seli beta. Mwaka 1993 Katz na wenzake, katika maabara ya Diane Mathis na Christophe Benoist huko Strasbourg, mji uleule wa Minkowski, walikuwa wametengeneza panya ambao karibu seli zao zote T zinabeba kitambuzi hicho. Panya hao walikuwa na jeshi zima la wavamizi tangu utotoni, na bado vijisiwa vyao vilibaki salama kwa wiki mbili hivi, kisha vikavamiwa kwa ghafla.

Höglund na wenzake (1999) waliutafuta mlango wa uvamizi. Walichukua seli T za BDC2.5 ambazo hazijawahi kuamshwa na kuzihamishia ndani ya panya wa kawaida wa NOD, kisha wakaangalia ni wapi zinaanza kugawanyika, kwa kuwa seli T hugawanyika pale inapokutana na antijeni yake. Ziligawanyika katika tezi za limfu za kongosho peke yake, na kabla ya insulitisi yoyote kuonekana. Jambo ambalo waandishi wenyewe walilieleza kuwa la kushangaza lilikuwa la umri: panya mpokeaji akiwa na siku kumi tu, seli hazikugawanyika. Antijeni ilikuwapo kijisiwani, kwa kuwa seli beta zilikuwapo. Ilichokosa ni mchukuzi wa kuifikisha kwenye tezi. Matokeo hayo yalirudiwa kwa antijeni nyingine isiyohusiana na ya kwanza, na hilo liliondoa shaka kwamba ni tabia ya kloni moja.

Mwaka uliofuata Diane Finegood, aliyeshiriki katika hesabu ya 1995, aliandika pamoja na Trudeau na wenzake makala iliyouliza kichwani mwake kama kifo cha seli beta za mtoto mchanga ndicho kichochezi cha kisukari cha kujishambulia. Ni nadra katika historia ya tiba kuona daraja kati ya fani mbili likiwa na alama ya mkono wa mtu mmoja kwa uwazi namna hii. Mwaka 2003 Turley na wenzake walifunga mnyororo: wimbi dogo la kifo cha seli beta, ambalo hutokea katika umri wa wiki mbili hivi, huwezesha seli za dendriti kuokota mabaki, kuyabeba hadi tezi za limfu za kongosho na kuyaonesha kwa seli T. Kati ya hapo, Gagnerault na wenzake (2002) huko Paris walikuwa wametoa ushahidi wa kisu. Panya wa NOD walioondolewa tezi hizo wakiwa na wiki tatu walikingwa na kisukari. Walioondolewa wakiwa na wiki kumi waliugua karibu kama wenzao. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kutoka tezini.

Jaribio la Gagnerault ndilo lenye nguvu kuliko yote katika mfululizo huu, kwa sababu halitegemei panya waliobadilishwa jeni wala kloni iliyoteuliwa. Linasema jambo moja kwa lugha rahisi: kati ya wiki ya tatu na ya kumi kuna mstari, na ukishavukwa, mahali ugonjwa ulipoanzia hapana umuhimu tena.

Udhaifu wa nadharia upo katika neno ambalo Turley na wenzake hawakulificha: wimbi la kifo hutokea katika koo zote za panya wadogo. Ikiwa kila panya huvunja seli zake na mmoja tu ndiye anayeugua, basi kifo hicho ni fursa ya ugonjwa na hakitoshi kuwa sababu yake. Watafiti walijaribu kuziba pengo. O'Brien na wenzake (2002), Finegood akiwa miongoni mwao tena, walionesha kwamba makrofaji za panya wa NOD humeza seli zilizokufa polepole kuliko za panya wengine, hivyo mabaki hukaa muda mrefu zaidi. Diana na wenzake (2013) walieleza jinsi aina kadhaa za seli za kinga ya asili zinavyoshirikiana kongoshoni baada ya kifo hicho. Kwa upande wa shabaha, Nakayama na wenzake (2005) walibadilisha amino asidi moja ya insulini katika panya wa NOD na kuziondoa jeni zake mbili za asili. Panya hao hawakupata kisukari. Kwa maneno mengine, panya wa NOD hushambulia kwanza kile ambacho seli beta huzaliwa ili ikitengeneze. Maelezo yote haya yanakubaliana. Yote pia yanamhusu mjukuu wa jike mmoja wa Aburahi.

Kalenda ya panya na kalenda ya mtoto

Tiba haikusubiri suala hilo litatuliwe. Mwaka 1991 Zhang na wenzake waliripoti kwamba kulishwa insulini hupunguza kisukari katika panya wa NOD. Katika miaka ya 1990 jaribio kubwa la Marekani, DPT-1, liliwapa jamaa za wagonjwa insulini: kwa sindano kwa wale walioelekea kuugua karibuni, kwa mdomo kwa wale wa hatari ya wastani. Matokeo ya sindano yalitolewa mwaka 2002 na ya mdomo mwaka 2005. Hakuna lililozuia ugonjwa katika kundi zima. Ufafanuzi mmoja ni kwamba binadamu si panya. Ufafanuzi wa pili, unaotokana na historia iliyoelezwa hapa, ni wa saa: panya alilishwa akiwa bado mchanga, kabla ugonjwa haujaiva, ilhali washiriki wa DPT-1 walikuwa tayari na kingamwili katika damu. Kwa kalenda ya Gagnerault, walikuwa wamevuka mstari.

Dawa iliyofaulu ilitoka upande wa pili wa kalenda. Mwaka 1994 Chatenoud na wenzake walitumia kingamwili dhidi ya CD3 kwa panya wa NOD waliokwisha kuugua, na sukari yao ikarudi chini. Kutoka hapo ulipita mstari mrefu hadi kwa teplizumabu, ambayo katika jaribio la watu 76 lililochapishwa na Herold na wenzake mwaka 2019 ilichelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili, na ikaidhinishwa Marekani Novemba 2022. Ni vigumu kutoona kejeli katika jambo hili. Miaka yote ambayo fani ilitumia kusogea karibu na mwanzo, faida ya kwanza kwa mgonjwa ilitokana na jaribio lililoanzia mwishoni.

Je, mwanzo wa mtoto upo pale panya anaposema? Ushahidi wa binadamu ni wa aina mbili na hauelekei upande mmoja. Utafiti wa TEDDY uliwafuatilia watoto 8,676 wenye jeni za hatari kutoka Marekani, Finland, Ujerumani na Uswidi tangu uchanga. Kingamwili dhidi ya insulini, inapokuwa ya kwanza kutokea, hujitokeza zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha kisha hupungua. Hapo panya anaonekana kusema kweli: insulini kwanza, na mapema. Lakini kwa watoto wengine kingamwili ya kwanza ni dhidi ya protini iitwayo GAD, na hiyo huongezeka hadi mwaka wa pili na kuendelea kujitokeza kwa kiwango kilekile katika miaka inayofuata. Kuna zaidi ya njia moja ya kuingia, na panya wa NOD amepita njia moja.

Aina ya pili ya ushahidi ni kongosho lenyewe. Tangu mwaka 2007 mtandao wa nPOD, wenye makao yake Florida, umekusanya makongosho ya wafadhili wa viungo waliofariki, wenye kisukari na wenye kingamwili pasipo kisukari. Insulitisi ya binadamu ilionekana kuwa hafifu kiasi kwamba mwaka 2013 wataalamu walikubaliana kuitambua kwa kijisiwa chenye seli 15 za kinga, mradi vijisiwa vya namna hiyo viwe angalau vitatu. Katika panya wa NOD kijisiwa kimoja huzingirwa na seli nyingi kupita kiwango hicho maradufu na zaidi. Mwaka 2012 Campbell-Thompson na wenzake waliripoti pia kwamba kongosho la wafadhili wenye kingamwili lilikuwa jepesi kuliko la wenye afya, hata kabla ya sukari kupanda. Ikiwa wepesi huo ni tokeo la mashambulizi au ni umbo ambalo kiungo kilikuwa nalo tangu utoto, slaidi ya mtu aliyefariki haiwezi kusema. Ni kizuizi kilekile alichokutana nacho Gepts.

Roep na Atkinson walikwisha kuandika mwaka 2004, kwa ukali uliozua mjadala, kwamba mifano ya wanyama haina mengi ya kufundisha kuhusu kisukari cha aina ya kwanza. Hukumu hiyo ilipita kiasi. Pasipo panya, hakuna ambaye angetafuta mwanzo wa ugonjwa katika tezi ya limfu ya kiumbe wa wiki mbili. Lakini tofauti kati ya kuonesha mahali pa kutafutia na kuthibitisha kilichopo mahali hapo haikuzingatiwa daima, na gharama yake imeanza kuwagusa watu. Jaribio la POInT, lililoanza Ulaya mwaka 2018, liliandikisha watoto wa miezi minne hadi saba, wenye afya na wasio na kingamwili, ili wapewe unga wa insulini kwa mdomo hadi umri wa miaka mitatu. Watoto hao walichaguliwa kwa jeni zao peke yake. Wengi wao wasingeugua kamwe hata wasipopewa kitu. Uamuzi wa kuwahi namna hiyo una mantiki kwa anayekubali kwamba mstari huvukwa mapema. Mantiki hiyo, ikifuatiliwa hadi chanzo chake, inapita katika takwimu za watoto wa TEDDY na kuishia katika vizimba vya NOD.

Kuna mpaka mwingine ambao fasihi ya panya haikuujua. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa YODA uliowahusisha washiriki 894 waliopata kisukari wakiwa watoto au vijana nchini Uganda, Kamerun na Afrika Kusini, wote wakiwa wamegunduliwa kuwa na aina ya kwanza. Takriban 65 kwa kila 100 hawakuwa na kingamwili zozote kati ya zilizopimwa, na upungufu wao wa insulini ulionekana kuwa wa namna tofauti na ule wa kujishambulia. Kwa vijana hawa swali la seli T na tezi za limfu huenda halihusiki kabisa, ilhali swali la wataalamu wa kiinitete, la kiasi gani cha seli beta hujengwa utotoni na kwa nini, laweza kuwahusu moja kwa moja. Mfumo wa hatua za ugonjwa uliokubaliwa mwaka 2015 unahesabu hatua ya kwanza kuanzia pale kingamwili mbili au zaidi zinapopatikana katika damu, na teplizumabu imeidhinishwa kwa walio katika hatua ya pili ya mfumo huohuo. Kijana wa Uganda asiye na kingamwili hana hatua ya kwanza wala ya pili. Anaingia katika kumbukumbu kwa njia ileile ya zamani, siku damu yake ilipopimwa.